Damu, Macho na Ukoo: Cha Kurithi Hakina Mkosaji

Hotuba hii niliitoa hapa Dodoma mbele ya wazazi, walimu na wahudumu wa afya ngazi ya jamii. Waliokosa kufika wameomba niiweke yote, nami nimeiacha kama nilivyoisema.

Ndugu mwenyekiti, viongozi wetu wa dini, walimu, wazee wangu, kina mama na kina baba, mbukwenyi!

Ahsanteni sana. Nianze kwa kuwauliza. Nani hapa anajua kundi lake la damu? Inueni mikono tuone. Naam, mikono ni mingi, hasa kwa vijana mliowahi kuchangia damu na kina mama mliopita kliniki. Sasa nani anajua bibi yake au babu yake alipofushwa na ugonjwa gani? Mikono imeshuka. Naona mmoja pale nyuma, na mzee hapa mbele. Wengine tukiulizwa tunajibu nini? "Alikuwa mzee." "Alirogwa." "Ukoo wetu ndivyo ulivyo." Nimekuja kwa ajili ya hiyo mikono iliyoshuka.

Mimi ni mtu wa maabara. Kazi yangu ni damu: kuipima, kuihifadhi, kuhakikisha inamfikia mgonjwa anayestahili. Katika kazi hii nimeona ndoa ikitikisika kwa sababu ya karatasi ya maabara iliyosomwa vibaya. Nimeona pia mtoto akipoteza macho huku ukoo ukizunguka kwa waganga kutafuta aliyefanya. Mambo hayo mawili yana mzizi mmoja, nao ni kwamba hatujafundishana kitu kinatokaje kwa mzazi kwenda kwa mtoto. Kina kanuni, ndugu zangu. Kina kanuni, na kanuni hizo hazimwonei mama wala hazimpendelei baba.

Tuanze na damu.

Mwaka 1901, mjini Vienna, daktari Karl Landsteiner alitangaza alichokiona baada ya kuchukua damu yake na ya wenzake kazini, akatenganisha majimaji na chembe nyekundu, kisha akachanganya ya huyu na ya yule. Nyingine zilitulia. Nyingine zilishikana mabonge. Hapo ndipo yalipopatikana makundi matatu ya kwanza, na mwaka uliofuata wenzake wakaongeza la nne, AB. Kabla ya hapo kumwongezea mtu damu ilikuwa kubahatisha: huyu anapona, yule anakufa palepale kitandani. Mwaka 1930 Landsteiner alipewa Tuzo ya Nobel, na kwa maoni yangu ni wachache walioistahili kuliko yeye.

Tunachofanya leo kinafanana sana na alichofanya yeye. Nachukua kigae cheupe, naweka matone ya damu yako. Tone moja nalitilia dawa ya buluu inayotambua A, lingine dawa ya njano inayotambua B. Nazungusha kigae taratibu mkononi. Muda si mrefu, kama wewe ni A, tone lenye dawa ya buluu linaanza kuwa na punje punje, kisha mabonge mekundu yanajitenga na maji. Lile la njano linabaki laini. Kama ni O, yote mawili yanabaki laini. Wale waliowahi kusimama karibu na meza yangu wameyaona kwa macho yao.

Sasa hilo kundi umelipata wapi? Kila mmoja wetu ana jeni mbili za kundi la damu, yaani maagizo mawili ya kurithi, zipo kwenye kromosomu namba 9, mojawapo ya nyuzi zinazobeba jeni ndani ya mwili. Moja umepewa na baba, moja na mama. A ikiwepo inaonekana. B ikiwepo inaonekana. Zikikutana, zote mbili zinaonekana. Lakini O ikikaa na A, au ikikaa na B, haionekani kwenye kigae. Imekaa kimya, ila ipo, na mtoto anaweza kuipokea sawa na nyingine yoyote. Lishikeni hilo, maana tutalirudia tukifika kwenye macho.

Alikuja baba mmoja maabara na kadi tatu mkononi. Yeye A, mkewe B, mtoto O. Nilimkaribisha kiti, hakukaa. Akaniambia, "Mtaalamu, nisomee hizi, kisha uniambie huyu mtoto ni wa nani." Nilipotupa macho dirishani nilimwona mkewe kwenye benchi la nje, mtoto mgongoni, na miguuni mfuko wa salfeti umefungwa kamba. Nguo zake zilikuwa humo. Alikuwa ameshafukuzwa.

Nilichukua kalamu. Nikamwandikia: wewe unaweza kuwa na A na O. Mkeo anaweza kuwa na B na O. Mtoto akichukua A yako na B ya mama, atakuwa AB. Akichukua A yako na O ya mama, atakuwa A. Akichukua O yako na B ya mama, atakuwa B. Na akichukua O yako na O ya mama? Alikaa kimya. Nikamuuliza tena: akichukua O kwako na O kwa mama yake, atakuwa nini? Akasema, "O." Nikamwambia, basi huyo mtoto yuko ndani ya kanuni. Kila mimba yenu, kama ndivyo mlivyo, ina nafasi moja kati ya nne ya kuleta mtoto wa O. Karatasi hizi hazithibitishi kwamba wewe ndiye baba, lakini hazina hata chembe ya kumshtaki mkeo. Alizikusanya kadi zake, akatoka nje, akaunyanyua ule mfuko wa salfeti akauweka begani kwake.

Je, ni wanawake wangapi ambao mume hakupita kwanza maabara?

Kuna nyakati kundi la damu linaweza kusema hapana. Mfano uliosikika dunia nzima ni wa mwigizaji Charlie Chaplin. Mwaka 1944 alikuwa anadaiwa mtoto. Vipimo vilionyesha mama ni A, mtoto ni B, Chaplin ni O. Ile B ilitoka wapi? Haikutoka kwa mama, na Chaplin hakuwa nayo. Madaktari walisema si wake. Mwaka uliofuata mahakama ya California bado ilimtangaza kuwa ni baba na kumwamuru atoe matunzo, kwa kuwa sheria ya huko wakati ule haikuwafunga wazee wa baraza kukifuata kipimo. Kwa hiyo damu inaweza kukataa. Kuthibitisha, haiwezi. Watu wenye kundi A wamejaa Dodoma nzima.

Hata hilo la kukataa lina tahadhari zake. Kadi huandikwa na binadamu, na kadi hukosewa. Tena wapo watu, ni wachache sana, waliotambuliwa mara ya kwanza Bombay mwaka 1952, ambao wana jeni ya A au B lakini chembe zao zimekosa kile kitu ambacho A na B hujishikiza juu yake. Ukiwapima kwenye kigae wanasoma O. Mtoto wao anaweza kusoma A, na ni wao waliompa. Mwenye shaka ya kweli, nchi yetu ina sheria ya vinasaba, yaani DNA, ya mwaka 2009, na kipimo hufanywa na Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali. Maombi hupitia kwenye vyombo husika, kama mahakama, wakili au ustawi wa jamii. Kipimo hicho hakifanyiki sebuleni kwa kadi ya kliniki, na shemeji si shahidi wa vinasaba.

Kwa kuwa kina mama mko wengi, niongeze moja kwa haraka: ukiambiwa damu yako ni Rh hasi, ile alama ya kutoa inayoandikwa kando ya kundi lako, usiondoke kliniki bila kuuliza kuhusu sindano ya kukukinga. Ukijifungua mtoto mwenye Rh chanya, sindano hiyo hutakiwa ndani ya saa 72. Inamlinda mtoto atakayefuata.

Sasa macho. Najua wengine mnajiuliza damu na macho vinakutana wapi. Vimekutana, na kila nikiisimulia habari hii nafurahi upya.

Kulikuwa na familia moja Uingereza ambamo watoto walizaliwa na mtoto wa jicho, kizazi baada ya kizazi. Watafiti wawili, James Renwick na Sylvia Lawler, waliwapima ndugu wa familia ile makundi ya damu, si ABO tu, hata yale ambayo hamyasikii kliniki. Mwaka 1963 wakaandika kwamba mtoto wa jicho katika familia ile anasafiri pamoja na alama ya damu iitwayo Duffy. Duffy lilikuwa jina la mgonjwa ambaye alama hiyo ilitambuliwa kwenye damu yake mwaka 1950.

Kwa nini jicho na damu visafiri pamoja? Chukua uzi wa ushanga, ule bibi zetu wanaoutunga. Uzi ni kromosomu, shanga ni jeni. Kila mzazi ana nyuzi mbili za kila aina. Anapotengeneza yai au mbegu, nyuzi hizo hukatika mahali na kuungana upya, kipande cha huu na kipande cha ule. Shanga mbili zilizo mbalimbali hutengana mara nyingi. Shanga mbili zilizokaa jirani huenda pamoja, kizazi kwa kizazi. Jeni ya ugonjwa ule wa macho na jeni ya Duffy zimekaa jirani kwenye uzi mmoja.

Lakini ni uzi upi? Wakati ule hakuna aliyejua. Jibu lilipatikana mwaka 1968, Baltimore kule Marekani. Mwanafunzi mmoja wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, Roger Donahue, alitazama kromosomu zake mwenyewe kwenye hadubini, akaona moja ya kromosomu zake namba 1 ina umbo lisilo la kawaida. Akawafuata ndugu zake, akawapima wote. Kwa ndugu wale, kromosomu ile na alama ya Duffy vilikwenda pamoja. Basi Duffy ipo kwenye kromosomu namba 1. Na kama Duffy ipo hapo, mtoto wa jicho wa ile familia naye yupo hapo. Ukiacha magonjwa yanayobebwa na kromosomu za jinsia, ugonjwa wa kwanza wa binadamu kujulikana unakaa kromosomu gani ulikuwa ugonjwa wa macho, na kundi la damu ndilo lililoonyesha njia. Mwaka 1998 jeni yenyewe ikapatikana. Kosa lilikuwa herufi moja. Herufi moja tu kwenye vinasaba, na lenzi ya mtoto inazaliwa na ukungu.

Niwaambie pia jambo linalotuhusu sisi. Wengi wetu katika ukumbi huu hatuna Duffy kabisa kwenye chembe zetu nyekundu. Vimelea vya aina mojawapo ya malaria, vivax, hutumia Duffy kama mlango wa kuingilia kwenye chembe. Mababu zetu waliokosa ule mlango walibaki, wakatuzaa. Utafiti ule ungefanyika Manyoni, alama ya Duffy isingesema lolote, maana karibu kila mtu angesoma sawa.

Ugonjwa wa familia ile unahitaji jeni moja tu yenye kasoro. Mzazi akiwa nao, kila mtoto ana nafasi moja kati ya mbili. Ndivyo zilivyo aina nyingi za mtoto wa jicho wa kurithi. Bibi mmoja kutoka Bahi alimleta mjukuu wake mchanga, katikati ya mboni kuna doa jeupe. Nesi wa macho alimmulika mtoto, kisha akamwomba mama wa mtoto naye akae. Akamulika. Mama alikuwa na ukungu mdogo, duara dogo katikati ya lenzi, na amesoma shule, anashona cherehani, hajawahi kujua. Kasoro ileile kwa mama ilikuwa doa, kwa mtoto ilikuwa pazia. Mama yule akaanza kulia akisema, "Kumbe ni mimi." Nesi akamshika mkono akamwambia: wewe hukuchagua, kama ambavyo hukuchagua urefu wako.

Si kila mtoto wa jicho wa kuzaliwa amerithiwa. Mwingine huletwa na rubela ambayo mama aliugua akiwa mjamzito. Lakini uwe umetoka wapi, doa jeupe kwenye mboni halingojei mtoto akue. Ubongo wa mtoto hujifunza kuona katika miezi ya mwanzo. Ukiondoa ukungu umechelewa, jicho linakuwa safi lakini ubongo haujui kulitumia. Tena weupe huohuo unaweza kuwa saratani ya jicho ya watoto, ambayo baadhi yao wameirithi, na hiyo inaua. Ukipiga picha kwa simu yenye mwanga, mboni ya jicho moja ikang'aa nyeupe na nyingine nyekundu, usiseme ni simu mbovu. Mpeleke mtoto wiki hiyohiyo, na wadogo na wakubwa zake wakaguliwe pia.

Sasa turudi kwenye ile O iliyokaa kimya. Mnaikumbuka? Kuna kasoro za macho zinazokaa kimya vilevile. Baba anayo moja, haionekani. Mama anayo moja, haionekani. Wanaweza kuzaa watoto wasio na dalili yoyote. Kisha anakuja mtoto aliyechukua zote mbili. Mfano ulio karibu nasi zaidi ni ualbino.

Tunapozungumzia ualbino tunaangalia ngozi, tunasahau kwamba ni hali ya macho pia. Mtoto mwenye ualbino anaumizwa na mwanga kwa sababu ndani ya jicho lake rangi ya kuuzuia ni kidogo. Mboni zake zinachezacheza. Ile sehemu ya katikati ya retina ambayo sisi wengine tunasomea haikukomaa kwake. Ndiyo maana anaweka daftari karibu na pua. Walimu wangu, huyo mtoto si mzito wa kuelewa! Mweke dawati la mbele, mbali na dirisha lenye jua, umwandikie herufi kubwa, umwachie kofia yake hata darasani. Uoni hafifu alionao kwa kawaida hauendelei kushuka mwaka hadi mwaka, na wengi wao wanaweza kusoma maandishi ya kawaida, si ya nukta nundu, wakipata miwani na vikuzio. Hapa jirani, Shule ya Wasioona Buigiri imewapokea watoto wenye ualbino pamoja na wasioona. Heshima kwa walimu wa pale.

Kwa Tanzania makadirio yanayotajwa mara nyingi ni mtu 1 mwenye ualbino kati ya watu 1,400. Ukiifuata kanuni ileile ya damu, hesabu inakupa kwamba karibu mtu 1 kati ya 20 amebeba jeni hiyo bila kujua. Ukumbi huu una watu kama mia mbili. Tazameni kulia kwenu, tazameni kushoto. Kumi hivi kati yetu tunayo. Pengine mimi ninayo. Basi baba anaposimama mbele ya wazee na kusema "kwetu hakuna", anasema nini? Mtoto hawezi kuzaliwa na ualbino wa aina hii mpaka amepokea jeni moja kwa mama na moja kwa baba. Moja kwa mama na moja kwa baba! Wanaume wenzangu, tumewaacha wanawake peke yao na watoto wetu kwa jambo ambalo nusu yake ni letu. Katika nchi hii watu wamekatwa viungo na kuuawa kwa sababu ya imani zilizojaa mahali ambapo elimu hii ilitakiwa kukaa. Nasema kwa uchungu, na sitaacha kulisema.

Ugonjwa ambao ningependa leo mwondoke nao kichwani kuliko yote ni presha ya macho. Hapa hakuna jeni moja yenye hesabu rahisi, zipo nyingi. Ila ndugu wa damu wa mgonjwa, yaani kaka, dada na watoto, wako kwenye hatari mara kadhaa zaidi ya watu wengine. Utafiti uliofanywa Kongwa, matokeo yake yakachapishwa mwaka 2000, uliwakuta nao takriban watu 4 kati ya kila 100 wenye umri wa miaka 40 na zaidi. Hiyo ni Kongwa yetu. Ugonjwa huu aina yake ya kawaida hauumi. Hauwashi. Unaanza kula pembeni ya macho, unaingia ndani, na kilichokwenda hakirudi kwa dawa wala kwa upasuaji. Dawa ya matone kila siku, au upasuaji, inalinda kilichobaki.

Mzee mmoja wa Mpwapwa alifika kliniki jicho moja limekwisha, la pili amebakiwa na tundu la katikati. Alijigonga kwenye fremu ya mlango akiingia. Daktari alipomweleza kwamba ndugu zake wapimwe, hakusubiri kufika nyumbani. Alisimama koridoni akapiga simu kwa Kigogo, kwa sauti iliyojaza jengo zima, akampigia dada yake, akampigia mdogo wake. Dada alikuja akilalamika nauli imepotea bure, yeye anaona vizuri, anatunga uzi kwenye sindano. Kipimo kikaonyesha ugonjwa umeanza. Leo anatumia matone na bado anatunga uzi kwenye sindano.

La mwisho ni fupi. Si kila kinachozunguka kwenye familia kimerithiwa. Bibi zetu wengi walitembea na kibanio cha kung'olea kope zilizogeuka ndani na kukwaruza jicho. Mama naye baadaye akawa nacho, kisha binti. Watu wakasema ni ya ukoo. Hapana. Hiyo ni trakoma, vikope, na huletwa na bakteria wanaopita kwenye vidole, kwenye kanga ya kumfutia mtoto uso, kwenye nzi. Kongwa hiyohiyo ndiko ulikofanyika utafiti wa kunawisha watoto nyuso, uliochapishwa mwaka 1995, na dunia nzima imejifunza kutoka kwa vijiji vile. Huko mjukuu anakingwa kwa maji, sabuni na dawa.

Mkifika nyumbani, muulizeni mkubwa wa ukoo maswali haya: nani alipofuka, akiwa na umri gani, ilianza kwa maumivu au kimyakimya, na kuna mtoto aliyezaliwa na macho yenye kasoro? Andikeni nyuma ya kadi ya kliniki ya mtoto, ili anayemhudumia asiulize upya kila mara. Wahudumu wa afya, ninyi ndio mnaoingia majumbani. Ulizeni na ninyi.

Wauguzi wa macho wako kwenye hema pale nje hadi saa 10 jioni. Mwenye kaka, dada au mzazi mwenye presha ya macho atangulie, hata kama anaona vizuri. Wazee wapishwe kwenye viti. Mtakaokutwa na shida mtaandikiwa kwenda Mvumi au hospitali ya mkoa, na atakayekosa nauli amwone mwenyekiti kabla hajaondoka. Sasa nipokee maswali, tuanze na yule mama mwenye mtoto mgongoni.